Benidorm, Hispania: kile kijiji cha wavuvi kimebaki wapi? (siku 7, mwezi wa kumi)

PwaniKisauni:
Salaam aleikum wana jukwaa. Mwezi wa kumi inshallah twataraji kusafiri, mimi na mamangu, siku saba Hispania. Tumeitazama Benidorm kwa sababu hoteli ni nyingi na bei yake si ya kutisha kama miji mingine ya Mediterania. Kila mahali waandika kwamba palikuwa kijiji cha wavuvi, lakini picha ni maghorofa tu yamesimama kama meno ya kitana. Je, kuna kitu cha uvuvi kilichobaki cha kumwonyesha mtu, au ni jina tu? Mama ni mtu wa Mji wa Kale, habari ya samaki humdanganyi.

Pia nataka kujua mambo ya visa, njia ya kufika kutoka Mombasa, na upande gani wa mji ni wa kulala. Magoti ya mama hayataki vilima wala ngazi. Tafadhali mwenye kujua aseme kwa urefu.

Nahodha_Tudor:
Wa aleikum salaam. Nianze na kijiji, maana hapo ndipo wengi hupotea.

Fungua ramani. Utaona fukwe mbili ndefu: Levante upande wa mashariki, kama kilomita 2, na Poniente upande wa magharibi, kama kilomita 3. (Majina yenyewe ni jua linakochomoza na jua linakotua, kama sisi tunavyosema matlai.) Katikati yake kuna rasi fupi ya mwamba imechomoza baharini. Ile rasi ndiyo kijiji, hakuna kingine. Mji ulipewa hati yake mwaka 1325, ngome ikajengwa juu ya mwamba kwa ajili ya maharamia, na nyumba zikajibana nyuma yake. Ngome haipo tena. Mahali pake pana uwanja wenye kuta na nguzo nyeupe uitwao Balcón del Mediterráneo. Nyuma yake kuna kanisa lenye makuba ya vigae vya buluu, na vichochoro vya kutembea nusu saa ukavimaliza. Mtu akienda akitarajia milango ya kuchonga na baraza, atarudi amenuna.

Sasa uvuvi. Wanaume wa Benidorm hawakuwa mashuhuri kwa mshipi na mashua ndogo, bali kwa almadraba, mtego wa jodari. Mweleze mama kwamba ni wando, ila wa nyavu na mkubwa kupita kiasi. Jodari hupita karibu na pwani kila mwaka wakihama kwenda kutaga. Ukuta mrefu wa wavu hutegwa kutoka karibu na nchi kavu kuelekea nje. Samaki akiukuta hujaribu kuuzunguka kwa kukimbilia kina kirefu, na huko ndiko kuliko vyumba: anaingia cha kwanza, cha pili, mpaka cha mwisho ambacho kina sakafu ya wavu. Mashua hukizunguka, watu wakainua ile sakafu kwa mikono hadi samaki waje juu.

Tofauti na wando wetu iko hapo mwishoni. Huku twangoja maji yapwe, samaki abaki mchangani. Mediterania haina kupwa na kujaa kwa maana tunayoijua sisi, maji hupanda na kushuka sentimita chache tu, kwa hivyo lazima sakafu inyanyuliwe. Kazi ile yataka nahodha wa kujua mikondo, kina, na siku ya kutega. Wao walimwita arráez, neno lililotoka kwenye Kiarabu, ni yule yule "rais", na hata almadraba ni neno la Kiarabu. Manahodha wa Benidorm waliajiriwa katika mitego ya Andalusia, Ureno, Italia na Afrika Kaskazini. Kwa hivyo kijiji kilikuwa kidogo, mwaka 1950 hakikufika watu 3,000, lakini ujuzi wake ulisambaa mbali.

Samaki walipopungua, mtego wa kwao ukafa mwanzoni mwa miaka ya 1950, na vijana wengi walikuwa wameshaingia meli za biashara. Utalii ulikuta mahali ambapo kazi ya zamani inaondoka. Hilo watu hulisahau wanaposema hoteli ziliwafukuza wavuvi.

Ukitaka kumwonyesha mama uvuvi ulio hai, usimwekee matumaini bandari ya Benidorm: siku hizi ni mashua za starehe na za kupeleka watalii kisiwani. Uvuvi mtaukuta miji jirani, La Vila Joiosa, Altea na Calpe, yote iko kwenye njia ya tramu. Nitarudi hapo.

Karani_Ganjoni:
Mimi nishike visa, maana kiti cha ndege bila visa ni hasara.

Hispania iko Schengen (kundi la nchi za Ulaya zenye visa moja), mtaomba visa ya muda mfupi. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na juu yake mtalipa ada ya kituo kinachopokea maombi. Maombi hupokewa Nairobi na lazima mwende wenyewe kwa ajili ya alama za vidole. Ikiwa mmoja wenu alishatoa alama hizo kwa visa ya Schengen ndani ya miezi 59 iliyopita, hatakiwi kutoa tena, aseme mapema. Maombi hupelekwa si zaidi ya miezi 6 kabla ya safari, na si chini ya siku 15. Uamuzi ni siku 15 kwa kawaida lakini wana ruhusa ya kuvuta hadi 45. Kwa safari ya Oktoba shughulikieni mwezi wa saba. Kinachokwama sana ni miadi ya kupeleka karatasi, kwa sababu Julai na Agosti kila mtu ataka kusafiri.

Pasipoti: iwe imetolewa ndani ya miaka 10, ibaki hai angalau miezi 3 baada ya siku ya kutoka Schengen, na iwe na kurasa mbili tupu.

Bima ya matibabu: isipungue yuro 30,000, ifanye kazi nchi zote za Schengen, na itaje kumrudisha mgonjwa au maiti nyumbani. Hapa makosa ni mawili. La kwanza ni tarehe: ndege ikiondoka Mombasa usiku wa tarehe 4 mtatua tarehe 5, na kurudi ni vivyo hivyo. Nunueni bima yenye siku ya ziada mbele na nyuma. La pili ni umri wa mama. Bima nyingi zina kikomo cha umri, au zaondoa maradhi ambayo mtu anayo tayari kama sukari na presha. Someni maandishi madogo kabla ya kulipa.

Pesa: sheria ya Hispania yataka kila mgeni aonyeshe asilimia 10 ya mshahara wa chini wa mwezi kwa kila siku, na kwa jumla isipungue asilimia 90 ya mshahara huo hata kama safari ni fupi. Kwa mshahara wa 2025 (yuro 1,184) ni yuro 118.40 kwa siku. Siku saba zingekuwa 828.80, lakini kile kiwango cha chini chashinda, kwa hivyo ni 1,065.60 kila mmoja, wawili 2,131.20. Mshahara ukipanda na hesabu yapanda, angalieni kiwango cha mwaka mnaosafiri. Wewe ukimlipia mama, andika barua ya kumdhamini, ambatanisha na cheti cha kuzaliwa kinachoonyesha ni mamako.

Kinachowaangusha wengi si pesa kuwa chache, ni pesa kuingia ghafla. Akaunti iliyokuwa na shilingi elfu kumi miezi mitano, kisha laki tatu zikatua wiki moja kabla ya maombi, yule karani wa visa ataona ni za kuazima. Kama ni malipo ya chama au gari limeuzwa, weka karatasi ya kuthibitisha.

Mkikataliwa, barua itataja sababu na mna mwezi mmoja wa kuomba uamuzi utazamwe upya. Mara nyingi ni haraka zaidi kurekebisha kasoro na kuomba upya, ingawa ada hulipwa tena.

La mwisho: tangu 12 Oktoba 2025 walianza utaratibu wa kupiga picha na kuchukua vidole mpakani badala ya muhuri wa pasipoti. Foleni yaweza kuwa ndefu. Mkibadilisha ndege ndani ya Schengen, tuseme Paris au Frankfurt, ukaguzi ni pale mnapoingia kwanza na si Alicante. Msichukue tiketi yenye saa moja kati ya ndege na ndege.

Bi_Likoni:
Kufika na kulala.

Kutoka uwanja wa Moi, Mombasa, hakuna ndege ya moja kwa moja kwenda Alicante, ndio uwanja wa karibu na Benidorm. Mtabadilisha mara moja au mbili. Njia nyingine ni kutua Madrid mkachukua treni ya kasi hadi Alicante, kama saa mbili na nusu. Treni hizo siku hizi huondokea stesheni ya Chamartín, wengi huenda Atocha kwa mazoea wakaachwa.

Uwanja wa Alicante hadi Benidorm kuna basi la moja kwa moja, si saa nzima. Ni bora kwa mtu mwenye mizigo na mama. Tramu ni nzuri kwa macho, laini ya L1 hutoka Luceros katikati ya Alicante na kufuata bahari, lakini ni zaidi ya saa moja na kwanza lazima mchukue basi C-6 kutoka uwanjani. Iwekeni kwa matembezi ya baadaye. Pia jueni kituo cha basi na cha tramu vyote viko nyuma ya mji, havipo ufukweni. Na mizigo, chukueni teksi.

Sasa magoti. Msilale ndani ya mji wa zamani hata kama picha zinavutia: mawe, ngazi, teksi haifiki mlangoni. Msilale Rincón de Loix vilevile, ule mwisho wa mashariki wa Levante. Barabara zake zapanda kilima, na ndiko kuliko mabaa ya Waingereza, kelele hadi alfajiri. Poniente ni tulivu zaidi, lakini ukitoka barabara ya pwani tu ardhi huanza kupanda. Kwa mama, tafuta hoteli iliyo barabara ya kwanza hadi ya tatu nyuma ya Levante, nusu ile iliyo karibu na mji wa zamani. Huko ni tambarare kama sahani. Njia ya miguu ya pwani ni pana, ina viti, na kuna sehemu maalumu ya wenye shida ya kutembea kuingia majini kwa viti vya magurudumu vinavyoelea, ingawa huduma hiyo hufuata msimu, muulize kwanza.

Ukiweka nafasi tazama neno la chakula. "Media pensión" ni chai ya asubuhi na mlo mmoja, "pensión completa" ni milo yote. Kwa mtu wa halali, buffet ya hoteli ni kupoteza pesa, nusu ya vyombo hamtavigusa. Chukueni apartotel, hoteli ya vyumba kama nyumba, yenye jiko.

PwaniKisauni:
Mungu awalipe, hii ni shule. Karani, kumbe kile kiwango cha chini sikukijua, tungepeleka pesa pungufu.

Nina mawili tena. Chakula: je, samaki watoka hapo au ni wa barafu kutoka mbali? Na halali tutaijuaje ikiwa lugha hatuna? La pili, kuogelea. Oktoba maji ni baridi?

Mpishi_Kibokoni:
Haya ndiyo maswali. Yakhe, nyama iacheni, au muinunue kwenye bucha za halali za Wamorocco na Wapakistani. Nguvu ya pwani ile ni mchele na samaki, na mama atajiona nyumbani.

Ulizeni arroz a banda. Ni chakula cha mabaharia: samaki wadogo wa miiba, wasiouzika, walichemshwa na viazi na kitunguu, kisha mchele ukapikwa kwa ile supu, na samaki akaliwa kando, ndiyo maana ya "a banda". Mchele wao ni mfupi na mnene, hunywa supu mara mbili au tatu ya ujazo wake, na haukorogwi. Hupikwa sufuria pana isiyo na kina, unene wa mchele ni kama kidole kilicholala, ili chini ushike ukoko. Ndiyo, ukoko, nao huugombania kama sisi.

Wapi pana makosa: mchele wa kweli huagizwa kuanzia watu wawili na huchukua kama dakika ishirini au zaidi. Ukiletwa baada ya dakika tano, umetoka kwenye friza. Mkahawa wenye picha za rangi za paella (wali wa sufuria pana) mlangoni, na mtu wa kuwavuta ndani kwa mkono, ni wa friza. Pia mchele ni mlo wa mchana, wao hula saa nane hadi saa kumi alasiri. Ukienda saa sita jiko halijawashwa, na chakula cha usiku hakianzi kabla ya saa mbili au tatu.

Samaki. Ujuzi wenu wa madema na mishipi hautawasaidia hapo, jifunzeni maneno matatu. "De lonja" ni samaki wa mnada, ametoka baharini. "De piscifactoría" ni wa kufugwa, na samaki waitwao dorada na lubina wengi ni wa kufugwa hata kama mhudumu aapa. "S/M" kwenye orodha ya bei maana yake ni bei ya sokoni ya siku hiyo. Ukiona S/M uliza bei ya kilo na umwombe amweke samaki kwenye mizani mbele yako, maana mtu huagiza samaki wa wawili akaletewa wa kilo moja na nusu. Oktoba mkibahatika mtamkuta llampuga, huyo ni fulusi wetu.

Na mnunulie mama kipande cha mojama. Ni ng'onda ya jodari: mnofu wa mgongo hulazwa kwenye chumvi, huoshwa, hukaushwa kwa upepo hadi uwe mwekundu wa damu ya mzee. Hukatwa vipande vyembamba kama karatasi, huliwa na mafuta ya zeituni na lozi. Jina lake nalo ni la Kiarabu. Msiipike, itakuwa ngozi.

Halali: nguruwe hujificha. Maharage, mchicha, supu, hata kunde hutiwa vipande vya jamón, paja la nguruwe lililokaushwa. Ukisema "hatuli nyama" watakuletea mboga zenye jamón, kwani kwao hiyo si nyama, ni kiungo. Semeni hivi: *sin cerdo, sin jamón, sin manteca, sin vino* (bila nguruwe, bila jamón, bila mafuta ya nguruwe, bila divai). Neno manteca ndilo hatari, ni mafuta ya nguruwe, na biskuti za mantecados na polvorones zimejaa hayo. Siagi ni mantequilla, ni neno tofauti. Kome na kamba hupikwa kwa divai mara nyingi. Samaki wa kuchomwa kwenye bamba, "a la plancha", ndiye salama kuliko wote, na bado uliza kama bamba ni lile lile la nyama.

Mtwapa_Kwetu:
Samahani jamani, mimi nawapinga. Kwa nini mtu atoke Mombasa, alipe visa na ndege, akalale katikati ya maghorofa 40? Kama ni kijiji cha wavuvi, nendeni La Vila Joiosa, kilomita kama 10 tu. Nyumba za rangi zimeukabili ufuo, bandari ina mashua za kuvua kweli, na kuna kiwanda cha chokoleti cha tangu 1881 chenye makumbusho. Au Altea. Benidorm ni mfano wa pwani iliyouzwa.

Nahodha_Tudor:
Mtwapa, kwenda huko mchana nakubali. Kulala huko kwa mtu wa magoti na bajeti sikubali, na hilo la "pwani iliyouzwa" litazame tena.

Benidorm iliandika mpango wa mji mwaka 1956, wakati wa meya Pedro Zaragoza. (Ndiye anayesimuliwa kwamba alipanda pikipiki hadi Madrid kumtetea mtalii wa bikini mbele ya Franco, mtawala wa Hispania wakati huo. Hadithi tamu, hata kama chumvi imezidi.) Mpango ule ulipanga barabara pana kabla ya majengo, na mwaka 1963 ukarekebishwa: kikomo cha urefu kikaondolewa, lakini jengo lisijaze kiwanja. Kiasi unachopanda juu, ndivyo unavyoacha wazi chini. Ndiyo maana maghorofa ni membamba na yamesimama mbalimbali, upepo wapita katikati, na chini kuna bustani na maegesho. Wageni wengi wametoshea mahali padogo, wakaenda pwani kwa miguu. Miji mingine ya pwani ile ilijenga vijumba vya ghorofa moja moja vikatambaa milimani kilomita kwa kilomita, kila kimoja na bwawa lake na gari lake. Kipi kimekula ardhi zaidi?

Na kuna sheria ya pwani ya mwaka 1988 inayosema ufuo ni mali ya umma. Hoteli haiwezi kuweka ukuta hadi mchangani. Watu wetu wanaopita kwenye vichochoro katikati ya kuta za hoteli wakitafuta bahari, wataielewa tofauti siku ya kwanza.

Maji ndiyo yaliyokaribia kuiangusha. Ukame wa 1978 mji uliletewa maji kwa meli. Baada ya hapo waliunganisha mabwawa ya eneo lote, na wakafanya mapatano na wakulima: mji huwapa maji machafu yaliyosafishwa kwa kumwagilia, wakulima huuachia mji maji safi. Jambo hilo huku kwetu lingestahili mjadala wake wenyewe.

Lile jengo la minara miwili ya dhahabu, Intempo, mtaambiwa kwamba wachoraji walisahau lifti. Uongo uliozunguka mtandaoni mwaka 2013. Lifti zilikuwamo, kilichokosekana ni pesa, likakaa miaka bila kumalizwa hadi 2021.

Mzamiaji_Shanzu:
Kuogelea. Oktoba mwanzoni bahari huwa nyuzi 22 hadi 23, ikishuka kadiri mwezi unavyokwenda. Yetu haishuki hivyo hata wakati wa kusi. Mama atasema ni barafu dakika tano za kwanza. Agosti hufika 26 lakini mchanga hauonekani kwa watu. Februari ni 14, hiyo ni ya Wazungu peke yao.

Sahauni bamvua na maji mafu. Saa yoyote mtakayokwenda maji yako pale pale, hakuna kutembea nusu kilomita kwenye mwani, na hakuna mwamba nje wa kuvunja mawimbi. Hilo la mwisho lina ubaya wake: upepo wa mashariki ukivuma, mawimbi hufika moja kwa moja ufukweni na mkondo wa kurudi hujengeka. Fuateni bendera: kijani ingia, manjano ingia kwa tahadhari, nyekundu usiingie kabisa. Kuogelea kuanzia saa sita usiku hadi saa moja asubuhi ni marufuku, kuna faini. Na msiweke mwavuli alfajiri kushika nafasi mkarudi kunywa chai, vyombo visivyo na mwenyewe huchukuliwa na askari wa mji.

Bahari ile ina chumvi nyingi kuliko yetu, kama gramu 38 kwa lita dhidi ya 35, mwili huelea vizuri na macho huwasha. Konyeza wapo siku nyingine, wale wa rangi ya zambarau. Akiwachoma, oshea kwa maji ya bahari, si ya bomba: maji baridi yasiyo na chumvi hupasua vifuko vya sumu vilivyobaki kwenye ngozi. Usisugue kwa mchanga wala taulo.

Septemba na Oktoba pia ni wakati wa mvua za ghafla kwenye pwani ile, bahari ikiwa na joto na hewa baridi ikipita juu yake. Ikitangazwa tahadhari nyekundu, msitoke, na msipite kwenye mabonde makavu yanayoonekana kama barabara.

PwaniKisauni:
Nimeelewa, tutalala Benidorm na kutembea kwa tramu. Nahodha, uliahidi kurudi kwenye mnada. Ni siku gani, saa ngapi, na wapi mama ataweza kuona bila kusukumwa? Na chaji za simu za huku zitaingia?

Nahodha_Tudor:
Nendeni Calpe. Kutoka Benidorm mchukue laini ya L9. Stesheni yake iko juu, mbali na bandari, na njia ni mteremko wa kilomita mbili hivi. Kwa magoti ya mama, teksi kushuka na teksi kupanda. Soko la mnada liko bandarini chini ya lile jabali kubwa la Ifach, mita 332, hamuwezi kulikosa, na lina mahali pa wageni kusimama juu na kutazama. Mashua za kukokota juya hurudi alasiri, kwa hivyo muwe hapo saa kumi na nusu. Ni saa kumi na nusu kwa saa za huko, kwenye tiketi itaandikwa 16:30. Oktoba wao wako nyuma yetu saa moja, na Jumapili ya mwisho ya mwezi saa hurudishwa, zinakuwa mbili.

Mama atashangaa kimoja: mnada wa kule hushuka. Makasha hupita kwenye mkanda, bei huanza juu kwenye ubao wa umeme na kuporomoka, na wa kwanza kubonyeza kitufe ndiye mwenye samaki. Ukichelewa sekunde umekosa, ukiwahi umelipa zaidi. Kwa hivyo ni kimya, hakuna kelele za Marikiti. Wageni hawanunui pale, mnunue kwenye maduka ya samaki ya jirani.

Siku: Jumatatu hadi Ijumaa. Juya haziendi baharini Jumamosi na Jumapili, ndiyo maana samaki wa Jumatatu mchana mkahawani ni wa wiki iliyopita. Epukeni pia tarehe 9 Oktoba, sikukuu ya jimbo la Valencia, na 12 Oktoba, sikukuu ya taifa.

Chaji: kule ni matundu mawili ya duara, zetu za miguu mitatu ya bapa hazingii. Nunueni adapta mbili huku huku, umeme wenyewe ni volti 230, hauna shida.

Karani_Ganjoni:
Na hizo tarehe za 9 na 12 muziangalie pia mkipanga siku ya kununua chakula cha kupika, maduka mengi hufungwa. Nunueni mchele na mafuta jana yake.